Goti linalojitengenezea umeme si mchezo wa Wazungu, lakini nani atalisikiliza?

BUKAVU – Siku ile nilikuwa na dakika kumi na tano za kujaza kwenye kipindi chetu cha afya. Dokta tuliyemwalika alikwama njiani kwa sababu ya mvua. Nikachukua habari niliyoisoma usiku kwenye simu: huko Marekani mainjinia wanatafuta namna ya kutengeneza goti la chuma ambalo, mgonjwa akitembea, linajipatia umeme wake lenyewe. Umeme ule unatumiwa na kachombo kadogo kaliko ndani ya goti, kanakopima uzito unaoliangukia. Nikaieleza habari hiyo kama nilivyoielewa, kisha nikafungua simu.

Wa kwanza kupiga alikuwa motari wa pale Essence. Alitaka kujua kama mtu mwenye goti hilo anaweza kuchaji simu yake akitembea. Studio nzima ilicheka. Wa pili alikuwa mzee wa Bagira, naye hakucheka. Alisema: «Mwanangu, muache hayo mambo ya Wazungu walioshiba. Sisi hata parasetamoli inatushinda.» Wa tatu alikuwa mama mmoja anayebeba mizigo kwenye bandari ya Muhanzi. Aliongea polepole, kama mtu anayehesabu vitengo vyake vya simu:

«Mwanangu wa redio, goti yangu ya kuume inaliaka kama mulango. Ile goti unasema, inauzishwaka bei gani? Na batri ikiisha, wanapasula tena?»

Nilimwambia ukweli, kwamba goti la namna hiyo haliuzwi bado, na kwamba hata goti la kawaida, lisilo na kachombo chochote, linagharimu maelfu ya dola pamoja na upasuaji. Akasema «Haya, asante», simu ikakatika. Lakini swali lake la pili lilibaki kichwani mwangu. Batri ikiisha, wanapasua tena? Ndilo swali lenyewe linalowakosesha usingizi wale mainjinia. Mama asiye na umeme nyumbani aliliuliza kwa sekunde tatu.

Leo naandika ili kumjibu yeye na yule mzee wa Bagira kwa pamoja. Kwa maoni yangu, mzee amekosea kusema kwamba jambo hili halituhusu. Lakini hajakosea katika yote, na pale aliposema kweli ndipo penye kazi yetu.

Goti la chuma ni kitu gani

Tuanze na goti lenyewe, maana wengi wanadhani daktari anaondoa mguu. Sivyo. Goti likiwa limelika sana, mfupa unasugua mfupa. Mpasuaji anakata tabaka nyembamba ya mfupa juu na chini, kisha anavalisha kila upande kofia yake. Upande wa juu, kwenye mfupa wa paja, mara nyingi kofia hiyo ni mchanganyiko wa kobalti na kromu. Upande wa chini anaweka sahani ya chuma, mara nyingi titani, na juu ya sahani hiyo kipande cha plastiki ngumu ambacho ndicho kinachoteleza badala ya gegedu.

Umesoma vizuri: kobalti. Karibu asilimia 70 ya kobalti yote inayochimbwa duniani inatoka katika nchi yetu, kule kwa ndugu zetu wa Kolwezi, Likasi na Fungurume. Tumezoea kusikia kwamba kobalti ni ya batri za simu na magari. Ni kweli, lakini ni ya magoti vilevile. Nitarudi kwenye jambo hilo.

Goti la chuma ni kazi nzuri, linamrudishia mtu mwendo. Shida yake ni kwamba, likisha kufungwa ndani, linakaa kimya. Plastiki inaweza kuanza kulika, au chuma kikaanza kulegea kwenye mfupa, au uzito ukaegemea upande mmoja kuliko mwingine. Mgonjwa anasikia maumivu muda mrefu baada ya mambo kuharibika, na wakati mwingine mfupa umekwisha kupungua. Kupasua mara ya pili ni kugumu kuliko mara ya kwanza. Ndiyo sababu watu walifikiria kuweka ndani ya goti kihisi, yaani kachombo kanakopima na kutoa habari.

Swali la batri

Kihisi kinataka umeme. Hadi leo kuna njia tatu za kukipatia.

Njia ya kwanza ni kutoka nje. Mwaka 2004, kule California, na baadaye Berlin nchini Ujerumani, wagonjwa waliwekewa magoti yenye vihisi. Ili kihisi kiamke, mgonjwa alifungwa mguuni duara la nyaya lililopitisha umeme bila kugusa, kama zile simu zinazochajiwa kwa kulazwa juu ya kisahani. Njia hii inafaa kwa utafiti. Lakini mgonjwa akifungua zile nyaya na kurudi nyumbani, goti linanyamaza tena. Linasema mbele ya wataalamu, linanyamaza pale ambapo maisha yanaishiwa.

Njia ya pili ni batri. Mwezi wa nane 2021, wakubwa wa dawa na vyombo vya uganga wa Marekani waliruhusu goti la kwanza la namna hiyo kuuzwa, linaloitwa Persona IQ. Batri yake imefichwa katika shina la chuma linaloingia ndani ya mfupa wa mguu wa chini, na imetengenezwa ili idumu angalau miaka kumi. Goti hilo linahesabu hatua, mwendo, umbali, na kiasi goti linavyokunjika. Uzito halipimi. Kwa mtu wa miaka 75 miaka kumi si mibaya. Kwa mtu wa miaka 50, batri itakufa na yeye bado anatembea.

Wazee wa uganga wa moyo wanaijua habari hii. Mtu wa kwanza kuwekewa kichocheo cha moyo ndani ya mwili alikuwa Arne Larsson, huko Sweden, mwaka 1958. Chombo cha kwanza kilifanya kazi kwa saa chache tu. Aliishi hadi mwaka 2001, na katika maisha yake alibadilishiwa vichocheo zaidi ya 20. Alishukuru kuishi, bila shaka. Lakini hesabu mwenyewe ni mara ngapi alilala chini ya kisu. Kwa hiyo, mama yangu wa Muhanzi, hukuuliza swali la mtu asiyesoma. Uliuliza swali ambalo uganga umelibeba kwa zaidi ya miaka 60.

Njia ya tatu ni ile niliyoisoma usiku ule: goti lijitafutie lenyewe.

Umeme unatoka wapi

Hapa hakuna uchawi. Chukua brike, ile ya kubonyeza inayopiga «tak» na kutoa cheche bila jiwe wala gurudumu. Ndani yake mna kipande kidogo cha kitu kigumu ambacho kikigongwa kinatoa umeme. Wafaransa wawili ndugu, Jacques na Pierre Curie, walilionyesha jambo hilo mwaka 1880. Mwaka 2005 watafiti wa Chuo Kikuu cha Nebraska, Marekani, waliandika jinsi walivyoweka vipande vya namna hiyo katika mfano wa goti na kuvikandamiza kama mtu anavyotembea. Walipata karibu miliwati 5 za umeme mbichi, na baada ya kuusawazisha ulibaki chini ya miliwati moja. Ni kidogo, lakini unatosha kihisi.

Kasoro ni kwamba vipande hivyo vina madini ya risasi ndani yake. Haifai risasi igusane na damu ya mtu, kwa hiyo ni lazima vifungwe vizuri sana ndani ya chuma. Tena ni vigumu kama sahani ya udongo, na vinaweza kupasuka.

Njia nyingine unaijua kama umewahi kuvua sweta ya nailoni usiku wa kiangazi: unasikia vicheche vikilia na nywele zinasimama. Vitu viwili tofauti vikigusana na kuachana, kimoja kinamwibia mwenzake umeme kidogo. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Binghamton, katika jimbo la New York, wakiongozwa na Profesa Sherry Towfighian, pamoja na wenzao wa vyuo vingine, walitumia ujanja huo. Waliweka tabaka mbili kati ya ile sahani ya chuma na plastiki ya goti. Kila hatua inazikandamiza, kila mguu ukiinuka zinaachana. Mwaka 2019 walitangaza hesabu yao: kihisi na sakiti yake vinahitaji mikrowati 4.6, na mwendo wa mtu wa kawaida unaweza kutoa mikrowati 6.

Sasa nimjibu motari wangu wa Essence. Wati moja ni mikrowati milioni moja. Ili kuwasha ampuli moja ndogo ya wati 5, ungehitaji watu zaidi ya laki nane wenye magoti hayo, wote wakitembea kwa wakati mmoja. Simu yako, ndugu, endelea kuichaji kwa jirani mwenye sola.

Lakini uone uzuri wake. Kihisi kinapima uzito wakati mtu anatembea, na ni wakati huohuo tu ambapo kinapata chakula chake. Mtu akilala, nacho kinalala. Hakuna cha kubadilisha wala cha kuchaji, na umeme ukikatika mjini hakijui. Kazi iliyobaki ni ngumu. Tabaka hizo lazima zivumilie mamilioni ya hatua (katika maabara hatua milioni moja huhesabiwa kama mwaka mmoja hivi wa kutembea) na zisitoe sumu wala kuharibu mwendo wa goti. Kwa sababu hiyo kazi ile ilifanyika kwenye mashine ya maabara, si ndani ya mguu wa mtu.

Kwa nini linatuhusu

Mzee wa Bagira atasema: vizuri, lakini ni vya kwao. Mimi nasema hapana, kwa sababu mbili.

Ya kwanza: ni nani duniani anayejua thamani ya chombo kisichotegemea batri wala SNEL kama siyo sisi? Katika nchi yetu Mkongomani mmoja hivi kwa watano ndiye anayepata umeme. Sisi wa Bukavu tuko karibu kabisa na mabwawa ya Ruzizi, na bado tunapanga foleni ya delestaji. Tumejifunza kwa maumivu kwamba chombo cha hospitali kinachotegemea waya na kemikali za kununua kila mwezi kinageuka kabati la kuwekea makaratasi. Chombo kinachoishi kwa hatua za mgonjwa mwenyewe kinafanana na maisha yetu kuliko maisha ya New York. Kule, mgonjwa akiona mabadiliko anampigia dokta wake, anapita kwenye mashine, jibu kesho. Huku, mtu anatoka Kaziba au Mwenga kwa siku mbili ili apigwe radio. Nasema ile radio ya mifupa, siyo hii yangu. Anayehitaji zaidi goti linalosema mapema ni yule aliye mbali na daktari.

Ya pili: habari iliyotoka katika magoti ya wengine imekwisha kutufaa, ila hatukuambiwa. Wale wagonjwa wa Berlin niliowataja walikuwa watano katika kazi moja iliyotolewa mwaka 2010. Watu watano tu walikubali kutembea, kupanda na kushuka ngazi huku magoti yao yakipimwa. Matokeo: mtu akitembea sehemu tambarare, goti linabeba wastani wa asilimia 261 ya uzito wa mwili wake wote. Akipanda ngazi, 316. Akishuka, 346.

Tuyaweke kwa lugha ya Kadutu. Mama wa kilo 60, bila mzigo wowote, akitembea tambarare goti lake linapokea karibu kilo 157 kwa kila hatua. Akishuka, karibu kilo 208. Tunadhani kupanda ndiko kunakoua, kwa sababu kupanda kunakata pumzi. Lakini goti linalia zaidi kwa kushuka. Wale wa Berlin hawakubeba magunia. Sasa mfikirie mama anayetoka milima ya Kabare alfajiri, kamba ya mzigo kwenye paji la uso, mgongoni gunia la makala au viazi lenye uzito unaokaribia wake mwenyewe, njia yote ni ya kuteremka hadi sokoni. Kila siku, miaka ishirini. Hatuhitaji kihisi kujua kwa nini goti lake linalia kama mlango.

Habari hiyo ni bure. Anayeshuka mlima aende polepole na kwa fimbo. Akiweza, agawe mzigo safari mbili wakati wa kushuka. Anayesikia maumivu aanze mazoezi ya kukaza misuli ya paja kabla goti halijafika mahali pa kukatwa. Anayelipa wabebaji kwa gunia, na anayeongeza kilo kumi «za bure» juu ya gunia, ajue zinaangukia wapi. Nimeyasema hayo kwenye redio, nimeyaandika hapa. Yote yanatoka katika magoti matano yaliyoweza kusema.

Sanduku kando ya kitanda

Sasa nampa mzee wa Bagira haki yake.

Lile goti la Persona IQ halisemi moja kwa moja na daktari. Linatuma habari kwenye kisanduku kilichowekwa nyumbani kwa mgonjwa, kimechomekwa ukutani, na kisanduku kinazipeleka kwa njia ya intaneti. Tuseme kesho tunapata goti lisilohitaji batri. Mgonjwa wa Panzi au Cimpunda anatembea, goti linafanya kazi bila shida. Halafu habari zinafika kwenye kisanduku kando ya kitanda, na kisanduku hakina umeme. Au kina umeme, lakini hakuna vitengo vya intaneti. Au vyote vipo, na mwisho wa njia hakuna mtu wa kusoma. Mimi ni mtu wa redio, najua: mtangazaji anaweza kuwa na sauti nzuri namna gani, kama hakuna aliyefungua redio, amesema na ukuta.

Tena hata wenye mali hawajajidanganya. Wakubwa wa Marekani walipolikubali goti hilo, waliandika wazi kwamba habari zake hazikukusudiwa kumwongoza daktari katika kuamua matibabu, na kwamba faida yake kwa mgonjwa haijaonyeshwa bado. Kwa hiyo mtu akija hapa siku moja na picha nzuri na ahadi kubwa, tumuulize hilo kwanza.

Nina sababu yangu ya nyumbani ya kulisema hili. Baba yangu mdogo aliwekewa goti la chuma, mbali na hapa, katika hospitali nisiyotaka kuitaja. Familia nzima ilichanga. Shamba moja liliuzwa. Alirudi akitembea, tukacheza. Mwaka wa tatu goti likaanza kuvimba. Tulimpeleka kwa mpasuaji mzuri wa hapa mjini, akauliza maswali mawili mepesi: goti hili ni la kampuni gani? Kipimo chake namba ngapi? Hakuna aliyejua. Katika karatasi za baba mdogo mlikuwa na risiti za chakula, risiti ya kitanda, na karatasi moja ya dawa. Jina la kitu kilichokuwa ndani ya mwili wake halikuandikwa popote. Tulipiga simu kule wiki tano. Waliokuwa kazini wakati ule walikwisha kuondoka, daftari halikuonekana.

Mpasuaji alitueleza kwa upole: bila kujua aina ya goti, huwezi kuagiza kipande kimoja cha plastiki kikabadilishwa. Utabidi utoe chote. Baba mdogo alikataa. Sasa anatembea kwa fimbo mbili, na kila nikimsalimia ananiambia: «Mwanangu, niko na chuma lakini sijui jina yake.»

Goti lake halikukosa kihisi. Lilikosa karatasi.

Kobalti si tikiti, lakini ni neno

Nimesikia vijana wakisema: kobalti ni yetu, basi magoti yawe yetu. Ningependa iwe rahisi hivyo. Lakini goti moja linatumia gramu chache za mamia ya kobalti, na thamani yake haimo katika jiwe. Imo katika kuyeyusha, kusafisha, kuchonga kwa usahihi mkubwa, kupima na kuwekewa dhamana. Anayetoa jiwe peke yake analipwa bei ya jiwe. Tukibaki hapo tutaendelea kulalamika miaka mingine hamsini.

Hata hivyo sikubali mtu aseme hatuna neno. Mchimbaji wa Kolwezi anashuka shimoni kwa magoti yake. Mama wa Kabare anashuka mlima kwa magoti yake. Nchi ambayo madini yake yanaingia katika magoti ya dunia nzima ina haki ya kuomba, katika mikataba ile inayosainiwa Kinshasa, vitu vinavyoonekana: vijana wapasuaji wa mifupa na wa kine wapate masomo, na mainjinia wetu wapewe nafasi katika maabara za namna ya Binghamton. Pale Nyawera kuna watoto wanaofungua simu zilizoingia maji na kuzirudishia uhai kwa chuma cha kuchomelea na miwani ya kukuza. Msiniambie hawawezi kujifunza sakiti ya mikrowati 5.

Ninachoomba

Siombi goti lenye umeme lije Bukavu kesho. Naomba tutengeneze kwanza masikio, ili siku litakapokuja lisikute viziwi. Mambo manne, na hakuna hata moja linalohitaji Kinshasa itoe mamilioni.

Moja, kadi. Kila mtu anayewekewa chuma mwilini, liwe goti, nyonga au vyuma vya kufunga mfupa, atoke hospitalini na kadi ndogo: jina la kitu, kampuni, kipimo, namba, tarehe, jina la mpasuaji. Vipande hivi vinakuja na vibandiko vyake ndani ya kasha. Kinachotakiwa ni kukibandika kwenye kadi badala ya kukitupa. Na wewe mgonjwa, usitoke mlangoni bila kadi hiyo. Ipige picha, mtumie mtoto wako.

Mbili, daftari. Kila hospitali inayopasua mifupa iwe na daftari moja la waliowekewa chuma, na muuguzi mmoja awapigie simu mara moja kwa mwaka: unatembea? Unaumwa? Kumevimba? Dakika tatu za simu. Hicho ndicho kihisi cha kwanza tunachoweza kujinunulia, na batri yake ni huruma ya mtu.

Tatu, kine. Goti bila mazoezi ni hela iliyomwagwa ziwani. Tuheshimu kazi ya wale wa mazoezi ya viungo, tuwalipe, na tusiwaite watu wa kukanda.

Nne, habari za mgonjwa ni za mgonjwa. Tangu mwezi wa tatu 2023 nchi yetu ina Sheria ya mambo ya dijitali inayolinda habari za mtu binafsi. Goti linalohesabu hatua zako linajua saa unayotoka na siku unayobaki kitandani. Katika jimbo hili lililochoka vita, sitaki mtu yeyote ajue mwendo wangu bila ruhusa yangu. Mashirika ya raia na wanasheria wetu waanze kulisoma jambo hilo sasa, kabla kisanduku hakijafika kando ya kitanda.

Mzee wangu wa Bagira, umesema parasetamoli inatushinda, na ni kweli. Lakini mtu anayekosa parasetamoli leo hakatazwi kujua kesho inatengenezwaje. Tukisubiri kumaliza shida zote ndipo tuanze kuuliza maswali, wengine watakuwa wamekwisha kujibu kwa niaba yetu.

Na mama yangu wa Muhanzi, jibu la swali lako la pili ni hili: batri ikiisha, ndiyo, huenda wakapasua tena, na ndiyo sababu kuna watu wanaotafuta goti lisilo na batri. Jibu la swali la kwanza, lile la bei, sina. Wiki ijayo tutakuwa na dokta wa kine studioni, saa ileile, na safari hii tumemwomba aje mapema kabla ya mvua. Ataonyesha kwa maneno mazoezi matatu ya paja ambayo mtu anaweza kuyafanya akiwa amekaa juu ya gunia lake akingoja mashua. Ufungue redio, mama. Na ukishuka pale kwenye mteremko, ushuke polepole.